Alama Niliyoiweka Nikiwa Barabarani

Ipo kazi yangu moja ambayo watu huisifu mbele yangu, nami natazama chini. Ni ramani. Nimesomea kuzitengeneza kwa picha za setilaiti, na kwa miaka mingi niliandika tafiti zilizosomwa na wenzangu wachache, tena kwa kubishana. Nikachoka. Nilitaka kitu ambacho ofisa wa ardhi angekifungua asubuhi kwenye kishikwambi chake, akatazama rangi, akaamua. Nikakitengeneza. Kijani ni mashamba, njano ni malisho, kijivu ni ardhi isiyotumika. Leo ramani ile ina rangi nne, na hiyo iliyokosekana mwanzoni ndiyo habari yangu.

Picha nilizichagua za mwezi wa tano na wa sita. Mvua zimekwisha, mawingu yameondoka, moshi wa kuchoma mapori haujaanza. Nilijivunia uamuzi huo, hata nikawafundisha wengine.

Sasa nieleze ujinga wangu. Kwetu Unyamwezini, upande wa Puge, mfugaji ana ngitili. Ni kipande cha pori kinachofungwa mvua zinapoanza. Ng'ombe haingii na mtu hakati hata fimbo, mpaka kiangazi kikaze na nyasi za kwingine ziishe. Hapo ndipo hufunguliwa, na mifugo ikapona. Mwezi wa tano ngitili bado imefungwa. Haina njia ya ng'ombe, haina zizi, haina tuta. Ukiitazama kutoka juu utasema haina mwenyewe.

Nami si mgeni wa jambo hilo. Nilikulia Chemchem, mjini Tabora, lakini kila likizo nilipelekwa Puge kwa baba mkubwa, kaka yake baba. Nikiwa na miaka kama tisa, niliwaachia mbuzi wakaingia kwenye ngitili yake ikiwa imefungwa. Hakunichapa. Alinipeleka kwa wazee wa kijiji niombe radhi kwa mdomo wangu mwenyewe, na niliomba, kamasi zikinitiririka. Mtu aliyepitia hayo anaisahauje ngitili? Niliisahau kwa sababu kompyuta haikuniuliza.

Nafasi ya kujisahihisha nilipewa. Kabla ya kuikabidhi ramani tulipaswa kwenda kukanyaga maeneo kadhaa, kuzungumza na watu, ndipo tuweke alama kwamba rangi ni sahihi. Puge ilikuwa mojawapo. Nilifika mchana nikitokea Nzega, na vituo vitatu vilikuwa bado vinaningoja. Nilijua kwamba kuingia kwa baba mkubwa ni kuketi, kula, kuulizwa habari za ndugu mmoja mmoja, na siku imekwisha. Nikamwambia dereva asimame hapo hapo kwenye lami. Nikashuka, nikalitazama kwa mbali lile pori lililotokea kijivu kwenye ramani, nikagusa kioo cha kishikwambi, nikaweka alama. Sisi ni watu wa njia ya misafara. Hata wapagazi wenye pembe za ndovu mabegani walitua mizigo wakasalimia wenyeji. Mimi nilikuwa na gari lenye kiyoyozi.

Kwenye kikao cha kuikabidhi ramani, ofisa mmoja aliyekuwa akitafuta eneo la shamba la mbegu aliweka kidole kwenye kijivu cha Puge, akaniuliza kama pale pana mtu.

"Hakuna mtu," nikajibu.

Nilijibu upesi, kwa sauti ya kitaalamu. Naichukia sauti hiyo hadi leo.

Majuto ni mjukuu, wanasema, lakini yangu yalikuja na sura ya baba mkubwa, kiangazi kilichofuata, amebeba mfuko wa karanga. Nilimwamkia, akaketi sebuleni kwangu, akaomba maji, akaeleza taratibu. Trekta lilikuwa limeng'oa ngitili yote. Ng'ombe wake sita walikuwa wamekufa kwa njaa, na waliobaki alikuwa amewapeleka kwa wakwe zake Ulyankulu, maana hakuwa na jani la kuwapa. Kijiji kilipopinga kilionyeshwa ramani. Basi akaniomba mimi, mtoto wake msomi, nimtafutie aliyeandika kwamba pale hapana mtu. Hakutaka kugombana naye. Alitaka ampeleke tu akaone zizi lilivyo tupu.

Ningeweza kumwambia kwamba nitamtafuta. Maneno yalikuwa yameshafika mdomoni. Nikapiga magoti nikamwambia ni mimi, na kwamba sikufika hata uani kwake, niliweka alama nikiwa barabarani. Nikaahidi kuongeza rangi ya ngitili, tena isiwekwe bila wazee wa kijiji husika. Ahadi hiyo niliitimiza, na sasa wilaya nyingine zinaiomba ramani. Pori lake halikurudi.

Siku ile alimenya karanga moja moja bila kuzila. Niliona aibu hata kuinua uso. Nilidhani anatafuta namna ya kunigombeza, na kwa kweli nilitamani anigombeze.

"Siku hiyo tulikuona, mwanangu," akasema. "Ulishuka garini, nikakujua kwa mwendo. Nikamwambia mama yako mkubwa abandike maji ya ugali, mtoto anakuja. Akayaacha motoni mpaka yakakauka."