Nilingoja Kusharjiwa

Walimu wenzangu, mimi niliamini kwa moyo wangu wote, na kwa akili yangu yote ya masomo ya jioni, kwamba shuleni kwetu Bunia kulikuwa na chumba ambamo walimu walichomekwa waya na kusharjiwa kama batri ya gari. Msinicheke kwanza. Directeur mwenyewe, mkuu wetu wa shule, alitangaza: walimu waliochoka na vita watapata «prise en charge». Prise, kila mtu anajua, ni tundu la umeme ukutani. Charge ni charge. Mimi mwenye diploma nielezwe nini tena?

Kabla ya vita nilifundisha mwaka wa tatu, mtaa wa Mbunya hapo hapo Bunia, na sauti yangu ilifika mpaka kijiji cha Bogoro. Nikisema «Simameni!», hata ng'ombe wa barabarani walisimama. Sombe, yale majani ya muhogo, nilikula kwa beseni.

Kisha masasi, risasi za vita, yakaingia mtaani. Tulikimbia kwa miguu hadi Boga, tukarudi, shule ikafunguliwa. Mwili wangu ndio haukurudi. Mikono ilitetemeka mpaka chaki zikavunjika. Niliharisha kila asubuhi kabla ya kengele. Usingizi ulinihama. Siku moja mutoto aliangusha ubao wa dawati, paa! Nilijikuta chini ya meza, suruali imelowa mkojo, wanafunzi wanakimbilia mlangoni.

Directeur akaniita. «Maître, ninakupenda, lakini watoto wanakuogopa. Kama haibadiliki mpaka mwisho wa trimestre, muhula huu, darasa lako nitamupa mwingine.»

Darasa langu! Bila darasa mimi ni nani?

Na bado aliyenitafuna zaidi alikuwa mwalimu Justin wa mwaka wa nne, jirani yangu ukuta kwa ukuta. Tulijificha naye mufereji mmoja. Yeye kila Alhamisi aliingia kachumba ka nyuma ya ofisi, kwa Mama Pascaline, mama aliyeletwa kwa ajili ya hiyo prise en charge ya walimu. Alitoka sura inang'aa kama sufuria mpya. Wivu ulinikaa kooni kama mfupa wa samaki. Mke wangu akazidisha: «Angalia Justin, anacheka tena. Weye iko nangoja nini?» Nikaona wazi: huyu amekunywa umeme wote, na sehemu yangu iko mwilini mwake.

Nikaenda. Nilivaa sandali za mpira wa kaucho, nikavua mukanda wenye chuma, juu ya courant, umeme usinirushe. Mama Pascaline akanipa kiti.

«Karibu, Maître. Nieleze.»

Nikawaza: sawa, hata fundi anauliza kwanza batri ilikufa namna gani. Nikaeleza mufereji. Nikaeleza suruali. Nililia mpaka mvua ya Ituri ingeona haya. Mlangoni kulikuwa na maji na sabuni. Nikanawa uso, nikarudi nyumbani. Hakunichomeka.

Nilirudi juma kwa juma, nikieleza, nikilia, nikikagua kuta. Waya hakuna. Nikasema moyoni: wanamuchungia Justin umeme wote. Na katikati ya hasira hiyo, usingizi ukarudi. Tumbo likatulia. Upepo ukipiga mlango, nilishtuka kidogo, nikaendelea kuandika. Mwisho wa trimestre directeur alisimama dirishani, akasikiliza sauti yangu, akaenda zake. Darasa likabaki langu.

Ninamushukuru Mungu, ninamushukuru na mama yule. Na weye mwalimu unayesoma hii huku mkono unatetemeka, usione haya. Nenda, keti, sema. Hata kama ni wivu tu unaokupeleka, nenda.

Ila roho ilikuwa bado inaniuma. Wakati wa mapumziko nikamukamata Justin karibu na bendera.

«Ndugu, sema kweli. Weye walikusharji mara ngapi? Mimi mpaka leo hata mara moja!»

«Kunisharji na nini?»

«Na umeme! Si kila Alhamisi ulitoka mule uso unang'aa?»

Justin hakucheka.

«Hakuna umeme mule. Prise en charge ni kutunzwa tu. Nilikuwa ninalia. Uso uling'aa juu ya maji, nilikuwa nimetoka kunawa.»