Pointi Kumi na Nne za Sylvance

Mtaani Shauri Moyo inasemekana kwamba Sylvance Obura alimdanganya mama yake msimu mzima. Si kweli. Kijana huyo hajamdanganya mama yake hata siku moja, na wanaoeneza hayo wamekunywa chai nyumbani kwake wakashiba.

Mama yake ni Roseline, mwalimu mstaafu, mjane wa Jackton Obura aliyekuwa karani wa reli. Jackton alimwachia mtoto mmoja, kabati la vitabu na jina lisilo na doa. Jina hilo Roseline alilitunza kama vyombo vya wageni.

Chuoni Sylvance alijiunga na timu ya mpira wa Kimarekani, ule wa kukimbia na mpira mkononi huku watu wakikuangusha. Kofia zao ngumu walizichakura moja moja kwenye mitumba ya soko la Gikomba, na hazikupatikana mbili za kufanana. Baada ya mechi ya kwanza alirudi akichechemea.

"Mmefanyaje?"

"Tumepata pointi kumi na nne, Mama." Akaenda kulala.

Kesho yake kanisani, wakati wa ushuhuda, Roseline alisimama. "Bwana asifiwe. Timu ya Sylvance imepata kumi na nne." Waumini walijua mpira wa miguu tu, ambako mabao kumi na manne ni maangamizi. Vigelegele vilipanda hadi kwenye mabati.

"Mwalimu, umetuzalia Daudi," alisema Nthoki, jirani yake na kiongozi wa akina mama.

Jioni hiyo Sylvance alimweleza, kwa upole, kama anayemwambia mtu kuwa amevaa sweta kinyume. "Mama, wao walipata arobaini na mbili."

Roseline angeweza kusahihisha Jumapili iliyofuata. Badala yake alisimama akatoa namba ya mechi mpya: kumi na tatu. Iliyofuata, saba. Kila namba ilikuwa ya kweli, naye ndiye aliyewakata alama watoto wa darasa la nne miaka thelathini kwa kuandika jibu nusu.

"Mama, tafadhali usitutaje tena kanisani."

"Ninamshukuru Mungu tu. Sitangazi matokeo."

Mechi ya nane, ya mwisho, Nthoki aliwaleta akina mama kumi na wawili uwanjani, vitambaa vyeupe kichwani. Roseline hakupata namna ya kuwazuia. Kila mtu alipofika na mpira mwisho wa uwanja, walipiga vigelegele, mpaka mwanafunzi mmoja akageuka.

"Akina mama, mnashangilia wapinzani."

"Wetu ni wepi?"

"Wale walio chini."

"Lakini msimu huu wameshinda ngapi?" Nthoki aliuliza.

"Kushinda? Hawajashinda hata moja."

Vitambaa vyote vilimgeukia Roseline. Yeye alikuwa akitafuta kitu mkobani, na mkobani hamkuwa na kitu.

Mechi ilipokwisha Sylvance alikuja, kofia mkononi, tope hadi masikioni. "Mbona mwalimu alitwambia mnashinda?" Nthoki alimuuliza. Sylvance alimtazama mama yake. Alingoja. Roseline alikaza kitambaa chake, ingawa hakikuwa kimelegea.

"Nilimdanganya, anti," Sylvance akasema. "Yeye hakujua."

"Kumdanganya mjane," Nthoki akasema. "Na wewe ndiye mwenyekiti wa vijana."

Jumapili iliyofuata vijana walichagua mwenyekiti mwingine. Sylvance alikaa benchi la nyuma, akaimba nyimbo zote. Roseline alivumilia wimbo wa kwanza, wa pili, na mahubiri. Ibada ilipokwisha hakwenda nyumbani. Alikwenda mlangoni kwa Nthoki, akamkuta anachambua maharagwe.

"Nthoki, mtoto alinieleza yote Jumapili ile ya kwanza. Nilijua."

Nthoki aliliweka sinia chini. "Ulijua, Mwalimu? Ukamwacha abebe yeye? Kwa nini?"

"Nimekuja kusema hakunidanganya. Nimesema, nawe utawaambia wenzako."

"Nimekuuliza kwa nini."

"Nimesikia," Roseline akasema. "Sitajibu."