Maji ya Jumatatu ya Pasaka

Leo mvua ya Wembley imemlowesha binti yangu akitoka shule, nikaanika sweta lake juu ya hita. Harufu ya sufu iliyolowa ikanirudisha kwa bibi mzaa mama, Slovakia.

Kijiji chao kimebanwa kati ya milima miwili. Zamani walikuja Wajerumani, wakachimba fedha mpaka ikaisha, wakajiendea zao. Wakatuachia mashimo, kanisa, na kijito cha maji ya theluji. Kila Jumatatu ya Pasaka vijana wa kiume huyachota maji hayo kwa ndoo na kupita nyumba kwa nyumba wakiwamwagia wasichana. Msichana anayebaki mkavu, basi, hatakiwi na mtu.

Mimi, mtoto wa Mtanzania, nilikaa kwenye ngazi na sweta langu jipya, nikiwasubiri. Wakamlowesha jirani yetu, akapiga ukelele wa furaha. Wakafika langoni kwetu. Mmoja akanitazama, akawaambia wenzake, "Huyo hata umwogeshe vipi, hatakati." Wakacheka, wakapita.

Bibi alikuwa dirishani, aliwasikia. Akatoka na ndoo yake mwenyewe, akanimwagia yote kichwani. Pumzi ikanikatika.

"Bibi, baridi!"

"Nyamaza," alisema, akinisukuma barabarani. "Kasimame pale watu wakuone umelowa. Na ucheke."

Sweta juu ya hita linatoa mvuke.

"Mama," anauliza binti yangu, "unacheka nini?"