Mbavu Kumi na Tatu

Mifupa niliisoma mchana, saa zile mtaa wetu wote wa Kiwanjani unasinzia na hata mbwa hawabweki. Baba alikuwa amemaliza kuchinja kwa ajili ya bucha yake ya mtaa wa Wabera, nami nilichutama kando ya ngozi, kitabu na daftari mapajani. Mtihani wa nadharia ya elimu ya viungo ulikuwa umebakiza wiki moja. Nilikuwa nimeanguka mara moja. Nikianguka tena, chuo kingenirudisha nyumbani, na ndoto yangu ya kufundisha wasichana mbio ingeishia hapo. Kukimbia nilijua. Haraka haraka haina baraka ni maneno ya watu ambao hawajawahi kuongoza mbio.

Baba hakuwahi kusoma kitabu, lakini sikujua mtu aliyeielewa mifupa kama yeye. Shoka hakuligusa. Alipapasa kiungo kwa kidole gumba, kisu kikapita katikati, mguu ukaachana na bega bila kishindo.

"Mfupa haivunjwi," aliniambia. "Inaulizwa njia."

Akanipa mmoja mmoja, ukiwa bado na joto, nami nikaandika jina la kitabuni. Mbavu tulihesabu pamoja, kidole chake juu ya changu: kumi na tatu kila upande. Jua, harufu ya mafuta, sauti yake ya chini. Nilihisi kama nasoma usingizini, na sikutaka kuamka.

Usingizi ule nilikwenda nao mpaka chumba cha mtihani. Swali la kwanza: binadamu ana jozi ngapi za mbavu? Nikaandika kumi na tatu, nikatabasamu peke yangu. Yakaja maswali ya goti, nyonga, kiwiko, nikayajibu huku nikiona kisu cha Baba kikipita. Kisha nikafika kwenye mchoro wa mifupa ya mtu. Mbele ya bega palikuwa na mfupa mwembamba uliolala, na kando yake mstari wa kuandika jina. Sikuwahi kuushika mfupa ule. Nikapeleka mkono chini ya hijabu, nikaupapasa kwangu mwenyewe. Ulikuwepo. Ndipo nikaamka: nilikuwa nimesoma mbuzi.

Nilikasirika sana, si kwa Baba bali kwa kichwa changu kigumu. Kitabu nilikuwa nacho mapajani na sikukitazama ila kuchukua majina. Nikajihesabu mbavu mpaka msimamizi akaniuliza kama naumwa. Za chini zilinitekenya, hesabu ikapotea. Nikafuta ile tatu, nikaweka mbili, kwa kubahatisha tu. Mstari wa ule mfupa niliuacha wazi.

Niliponea chupuchupu, nikapita. Siku ya matokeo nilimkuta Baba anaosha visu. Nikamweleza yote, nikaushika mkono wake na kuuweka mbele ya bega lake. Alipapasa huku na huku, vile anavyotafuta kiungo.

"Hii, mbuzi haina," akasema.

"Haina, Baba. Kitabu inasema ndiyo inatusaidia kufungua mikono."

Akafikiri kidogo. "Ndiyo maana mbuzi hawezi kumbatia mtu."

Tangu nilipoanza kuwa msichana mkubwa, Baba hakuwa amenikumbatia. Kwetu si desturi. Aliweka kisu chini, akajifuta mikono kwenye kikoi, akaifungua.