Bando la Nesi wa Muleba

Kujiamini kwangu kumenitia aibu mara nyingi, lakini aibu ya Muleba naishukuru hadi leo.

Nilikuwa nimeandika programu ya kuorodhesha watoto waliopitwa na tarehe za chanjo. Nyumbani kwangu Ijuganyondo ilikuwa inakwenda vizuri kabisa. Nesi wa zahanati moja huko Muleba, mama wa makamo, alikubali tuijaribu siku ya kliniki; majina ya daftari lake nilikuwa nimeshayaingiza. Wakubwa wake walikuwa wameshasema ikigoma wanabaki na daftari lao.

Kwa kuwa mtandao wa kule ni wa kubahatisha, nikajiona mjanja: nikanakili folda nzima kwenye flashi, mazingira ya Python, lugha niliyoiandikia programu, pamoja na maktaba zake zote, yaani vipande vya msimbo inavyovitegemea. Kwenye kompyuta ya zahanati haikufunguka. Kila nilipojaribu, ilikuwa inaitafuta Python kwenye folda za laptop yangu, kana kwamba haijui imehama. Nje akina mama walikuwa wamejaa kwenye mabenchi, watoto mapajani. Jasho likanitoka.

Nesi akauliza kuna nini. Nikamweleza, huku naona haya.

“Kumbe umeng'oa mgomba mzima na mkungu wake, waitu,” akasema, akiniita kwa heshima ya kwao. “Kwenye kibanja cha migomba mtu anaomba chipukizi, halafu anachimba shimo lake.”

Nikaudhika, maana alikuwa amepatia. Nilikuwa na faili dogo lenye orodha ya maktaba na matoleo yake. Kilichotakiwa ni kutengeneza mazingira mapya palepale na kuzipakua upya. Nesi akaweka simu yake dirishani, mahali pekee panaposhika mtandao, akaiunganisha na kompyuta, akaenda kuchoma sindano. Maktaba moja ilikataa kwa sababu kompyuta ilikuwa ya zamani. Nikachukua toleo la nyuma, nikajaribu tena. Kufikia saa sita majina yakatokea: watoto kumi na mmoja. Wawili walikuwa pale pale nje, wamefuatana na mama zao waliowaleta wadogo zao. Nesi akatoka kuwaita.

Nilipomrudishia simu, bando lilikuwa limekwisha. Ndipo nikajua alilinunua ili amwone kwa video mjukuu wake wa kwanza, aliyezaliwa jana yake huko Dodoma. Sikujua niuweke wapi uso wangu.

“Yule ana watu wa kumtazama,” akasema. “Hawa tulikuwa tumewapoteza.”

Nikakimbia dukani kumnunulia bando jingine. Kwenye kioo cha simu mjukuu alikuwa amelala, kofia imemfunika hadi kwenye nyusi. Nesi alicheka. Mimi ndiye niliyelia.