Moyo wa Kupandia Mlima

Saa moja asubuhi, ukungu bado umelala juu ya Endagikot, wilayani Mbulu, na Natalia Bura ameshafika nusu ya mlima. Kichwani ana furushi la vitunguu swaumu. Anasimama kumsubiri wifi yake, Loveness, anayehema huko chini.

"Wifi, ukikawia hivyo tutafika sokoni vimeshaota," anamtania.

Natalia, mwenye miaka 52, analima vitunguu swaumu na kuviuza Mbulu mjini. Mwaka jana alifanyiwa upasuaji wa saratani ya titi la kushoto, kisha akatakiwa kwenda kupigwa mionzi, safari ya kutwa nzima kwa basi.

Huko hospitalini daktari alimweleza kwamba moyo umekaa nyuma ya titi hilo, na mionzi inaweza kuudhuru miaka ya baadaye. Lakini akivuta pumzi nyingi na kuishika kwa sekunde ishirini, mapafu yatajaa na moyo utasogea mbali na mionzi.

"Kidonda sikukiogopa," anasema. "Nilihofia moyo. Ukichoka huo, mlima huu nitaupandaje?"

Alipewa siku tatu za mazoezi. Akishindwa, angetibiwa akihema kawaida. Siku mbili za kwanza hakuvuka sekunde kumi na mbili. Alishika pumzi kama mtu anayejitwisha gunia, mabega juu, mgongo ukiinuka kitandani. Judith, mtaalamu wa mionzi, alimfundisha taratibu kujaza kifua huku mwili umelegea.

Siku ya tatu kifua kilitii. Sekunde ya kumi ikapita, ya kumi na tano ikapita. Hapo Hermani, mfanyakazi mwenza wa Judith na mzaliwa wa Katesh, jirani na Mbulu, akaingia chumba cha pembeni ambamo Judith aliongozea mitambo. Aliposikia aliyelala kule ndani ni mama wa Mbulu, akainamia kipaza sauti kwa adabu zote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," Natalia akajibu, na pumzi yote ikatoka.

Judith alipomuuliza kwa nini amejibu, yeye ndiye aliyeshangaa. Angemwachaje mtoto wa watu na shikamoo yake mdomoni? Hermani aliomba radhi mpaka wakamcheka. Wakakubaliana kwamba salamu zote zimalizikie mlangoni, za nyumbani na za mifugo, kisha kila mtu anyamaze. Jaribio lililofuata, Natalia alifika sekunde ishirini na mbili.

Alipigwa mionzi mara kumi na tano, kwa wiki tatu, na kila mara alishika pumzi hadi mwisho. Daktari alimwonyesha kwenye vipimo kwamba moyo uliguswa kidogo sana. Kliniki bado anahudhuria.

Sasa anataka kukodi nusu eka karibu na kilele, shamba ambalo wengi wamelikataa kwa sababu ya mwinuko. Ameshaongea na mwenye nalo.

Loveness, akiwa amefika na jasho usoni, anamuuliza nani atapandisha samadi huko juu. Safari hazitapungua arobaini.

"Basi ni arobaini," anajibu Natalia, akiliweka sawa furushi lake. "Tuanze Jumamosi."