Siku Baba Mkwe Alipoingia Jikoni

Mimi ni mbishi, na ujauzito haukunipunguzia ubishi hata kidogo. Nesi wa kliniki alishaniambia: usipande juu ya kitu, usijinyooshe kufikia vya juu, na ukiokota kitu chini kunja magoti, si mgongo, kisha ukikumbatie kifuani. Niliitikia vizuri. Mimba ya kwanza ilikuwa imeharibika, kwa hiyo hii ya miezi saba niliipenda kwa hofu. Lakini nikifika nyumbani, mikono ilinitangulia.

Baba mkwe alikuwa ametoka Kakamega kuja kuonwa na daktari wa presha, akafikia kwetu Hurlingham. Kwao heshima kati ya baba mkwe na mkamwana ina mipaka: hatupeani mkono, na jikoni kwangu haingii. Mume wangu akienda kazini Westlands, tulizungumza kwa mbali, yeye sebuleni na redio yake, mimi na masufuria yangu. Tulipatana sana.

Adhuhuri moja nilitaka kumsongea ugali wa maana, nisije nikasemwa huko kwao kwamba wa mjini hawajui kushibisha mgeni. Sufuria kubwa ilikuwa juu kabisa ya kabati. Nikavuta stuli, nikapanda, nikajinyoosha hadi nikasimama kwa vidole vya miguu. Stuli ikayumba. Nikashika kabati.

"Mama, usisonge," baba mkwe akasema mlangoni.

"Baba, ni sufuria tu."

"Hapana. Shika bega langu, ushuke polepole."

Alikuwa ameshaingia. Nikamshika bega, jambo ambalo sikuwahi kulifanya, nikashuka.

"Sasa kaa kwa hiyo stuli uniambie vitu zenye unatumianga," akasema.

Akateremsha sufuria, unga, chungio, hata birika la harusi, akavipanga mezani usawa wa kiuno changu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwiko nilimnyang'anya. Ugali nilisonga mimi, na tulikula nikiwa na furaha isiyofichika.

Baadaye nilimsikia akimpigia mama mkwe simu. Hakupunguza sauti.

"Nimeingia jikoni kwa mke wa mtoto, na amenishika bega. Waambie wazee wa ukoo mapema." Akamsikiliza. "Hao nitawapelekea kuku, watanisamehe. Huyu angeanguka na mimba, kuku ningempelekea nani?"